Orodha ya Wachomoaji

Ile orodha niliibandika mimi. Iko mpaka leo ukutani, juu ya kompyuta ya chumba cha picha, karatasi moja ndefu iliyogeuka rangi ya chai, na kichwa chake nilikiandika kwa kalamu nene nyekundu: WACHOMOAJI. Mchomoaji, kwa asiyejua, ni mtu anayechomeka flashi kwenye kompyuta, akahamishia mafaili yake humo, halafu akaikwanyua kabla kompyuta haijamaliza kuandika. Kesho yake anakuja kwangu na uso wa msiba, eti faili halifunguki. Mimi simpi pole. Namwandika ukutani: cheo chake, mara ngapi, na saa aliyotenda. Muuguzi wa zamu, mara mbili. Daktari wa meno, mara moja, saa tano kamili. Karani wa mapokezi, mara sita, na saa zake zote sita nimezibananisha kwenye mstari mmoja kama mbuzi kwenye gari.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa hospitali nzima, na niko peke yangu. Wananiita Mama Nyaya kwa sababu sikosi waya shingoni. Jina silipendi lakini naitika. Miaka sita iliyopita niliing'oa ile mifumo yao ya zamani iliyojaa virusi nikaweka mfumo wa Linux kila mahali, wakanuna mwezi mzima kana kwamba nimewavunjia nyumba. Leo hawana virusi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema ahsante. Shukrani gani utegemee kwa watu wanaopiga kibodi kwa kidole kimoja, tena huku wakikilamba?

Mtu mmoja tu hayumo kwenye orodha. Ni mpiga picha za mionzi, mwanamke wa makamo, mnene kiasi, ambaye sisi sote tunamwita Taratibu. Taratibu akihamisha picha anakunja mikono mapajani na kuikodolea macho ile taa ndogo ya kwenye flashi. Taa ikipepesa, anakaa. Taa ikizima, bado anakaa, anahesabu moja mpaka kumi kwa sauti ndogo, ndipo anaitoa, polepole, kama anamtoa mtoto mwiba mguuni. Mimi ile hali ilikuwa inanichefua. Nilikuwa namwambia waziwazi, "Taratibu, hiyo ni flashi, si bomu." Naye anatabasamu na kuendelea kuhesabu.

Sasa sikilizeni yaliyonipata.

Mdogo wangu wa kike ameolewa na fundi cherehani. Mimi huyo shemeji nilikuwa simwelewi tangu siku ya posa. Mwanamume anakushonea gauni miezi saba! Kila mshono anaupitia mara mbili, anaugeuza, anauvuta kwa kucha, anautazama kwenye mwanga. Nilimwambia mdogo wangu, umeolewa na kobe mwenye mkasi. Akacheka, na ndoa ikadumu miaka kumi na tisa.

Wiki tatu kabla ya siku ninayoisimulia, shemeji alipanda kigoda kushusha jora la kitambaa kwenye rafu, kigoda kikamtupa, kichwa kikagonga ukingo wa meza. Akasema si kitu. Mwanamume mzima anagonga kichwa mpaka meza inahama, anasema si kitu. Wiki ya pili akaanza kushindwa kutunga uzi kwenye sindano. Wiki ya tatu mkasi ukawa unamtoka mkononi, na mguu wa kulia anauburuta. Alhamisi alfajiri mdogo wangu akamleta kwetu, na Taratibu akampitisha kwenye ile mashine kubwa ya duara inayopiga picha za ndani ya kichwa. Daktari wetu alipoziona hakuzunguka: damu ilikuwa imejikusanya chini ya fuvu na inabana ubongo. Kwetu hapa hakuna wa kumpasua.

Akapiga simu hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili kwa gari. Daktari wa upasuaji wa huko akakubali, lakini kwa masharti. Mgonjwa afike saa sita isizidi, kwa sababu saa sita yeye anaingia kwenye upasuaji mwingine wa kutwa. Na aje na picha zake zote. Akija bila picha atapangwa kwenye foleni ya mashine yao, na foleni ile ilikuwa ya siku mbili. Shemeji siku mbili hakuwa nazo. Daktari wetu alimwambia mdogo wangu hivyo hivyo, bila kupamba.

Kwa hiyo picha zilitakiwa ziende na gari, kwenye flashi. Intaneti ilikuwa imekatika tangu juzi. Mashine ya sidii ilishakufa mwaka juzi na hakuna aliyeizika. Gari lilipangwa kuondoka saa nne.

Saa tatu na robo nilikuwa masijala, nimelala chali chini ya printa, simu ikalia.

"Dada, njoo chumba cha picha," mdogo wangu akasema. "Kompyuta yenu haitembei."

"Kompyuta zangu zote zinatembea. Mwangalie anayeiendesha."

"Dada, njoo, nakuomba."

Nikaenda. Nilimkuta Taratibu amekaa mkao wake uleule, mikono mapajani, macho kwenye taa. Mdogo wangu amesimama nyuma yake, kiatu cha mumewe mkononi, sijui kwa nini alikishika. Kwenye skrini pale: faili elfu moja mia tisa kati ya elfu mbili mia nne. Hizo picha za kichwa, kwa asiyezijua, haziji kama picha moja. Mashine inakikata kichwa vipande vyembamba kama mkate, kila kipande faili lake.

"Umeanza saa ngapi?" nikauliza.

"Saa moja na nusu."

"Saa moja na nusu! Faili elfu mbili zenye uzito wa filamu moja! Taratibu, ungeziandika kwa mkono ungekuwa umemaliza."

"Zinakwenda," akasema. "Kidogo kidogo, lakini zinakwenda."

Nikaangalia ule mstari wa muda uliobaki. Ukasema dakika nne. Ukasema dakika hamsini. Ukarudi kumi na moja. Mstari ule ni mwongo kuliko mgombea wa udiwani, mimi siujali hata siku moja. Nikamwambia Taratibu apishe kiti. Nikabonyeza kusitisha.

"Ungeiacha tu," Taratibu akasema.

"Na wewe ungeniacha nifanye kazi."

Hapo ndipo nilipoanza kujionyesha. Ndiyo, nasema mwenyewe, kujionyesha, maana mdogo wangu alikuwa ananitazama kama mtu aliyeona msaada unashuka. Nikaikwanyua ile flashi, ya bluu, ya bure, ya kugawiwa kwenye semina, nikaichomeka tundu la nyuma la kompyuta, maana matundu ya mbele huwa yamechoka kwa kuchokonolewa na kila mpita njia. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri na kuiuliza kompyuta: umekiunganisha hiki kifaa kwa kasi gani? Ikajibu kasi kubwa. Tundu zima basi. Nikavuta picha moja kutoka kwenye flashi kuja kwenye kompyuta. Ikaja papo hapo.

"Mnaona?" nikasema. "Kusoma inasoma vizuri. Inagoma kuandika. Flashi imechakaa hii. Vitu vya semina hivi, mnapokea kila takataka mradi ni bure."

"Ni mpya," Taratibu akasema. "Nimeitoa kwenye karatasi yake leo."

"Basi imezaliwa mgonjwa."

Nikaifuta yote. Nikaisafisha nikaipanga upya, na zile faili elfu moja mia tisa zikaenda zao. Mdogo wangu akauliza, "Dada, zile zilizokuwa zimeshaingia?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kwamba kwa kasi yangu mimi elfu moja mia tisa ni kufumba na kufumbua. Nikaanza kuhamisha upya. Dakika moja nzima, faili kumi na nane.

Taratibu akafungua droo yake akanipa flashi nyingine, nyeusi, ameifunga uzi mwekundu isipotee. Nikaichomeka. Dakika moja, faili kumi na saba.

Flashi mbili, matundu mawili, mwendo uleule wa konokono. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua maana yake: ugonjwa haumo kwenye flashi, umo ndani ya kompyuta. Saa ya ukutani ilisema saa nne kasorobo. Nje nikasikia dereva anawasha gari la wagonjwa, na mdogo wangu akaanza kulia bila sauti, kile kiatu bado mkononi.

"Usilie," nikamwambia. "Kuna mtu ameichezea hii mashine. Na nikimjua, wallahi nitamvua nguo hadharani."

Nikaiagiza kompyuta inionyeshe flashi imepokewaje, kwa masharti gani. Likaja tita la maneno, na katikati yake nikaliona neno moja: sync. Neno hilo likiwekwa, kompyuta inakatazwa kutumia akili. Kawaida Linux inapokea mafaili yote kwenye kumbukumbu yake kwanza, chap chap, halafu inayaandika kwenye flashi kwa mpangilio. Ukiweka sync, kila kijifaili lazima kiandikwe kwenye flashi mpaka kikamilike, na daftari la flashi, ile orodha ya vilivyomo, lirekebishwe, ndipo kijifaili kingine kiruhusiwe. Kwa faili moja kubwa unaweza usione tofauti. Kwa vipande elfu mbili mia nne ni sawa na kuhama nyumba kwa kubeba kijiko kimoja kimoja.

"Nani huyu mpumbavu?" nikapiga kelele. "Nani ameweka huu upuuzi? Aliyefanya hivi hafai kushika hata rimoti ya televisheni!"

"Sisi hatuna ruhusa ya kugusa huko," Taratibu akasema nyuma yangu. "Ulitukataza."

Nikalifungua faili la kanuni, lile linaloiambia kompyuta ipokee flashi vipi. Mstari ulikuwa pale. Na juu ya mstari, kama ilivyo desturi ya mafundi, kulikuwa na maelezo ya aliyeuweka. Nayanukuu yalivyo:

"Nimeweka hii kwa sababu watu wa hapa hawana subira na hawafundishiki. Sasa wachomoe wanavyotaka. Asiguse mtu. Mama Nyaya."

Chini yake tarehe. Miaka mitatu iliyopita.

Nikakumbuka yote. Ilikuwa wiki ile karani alipochomoa mara ya sita. Kwa hasira nikaweka kanuni: kompyuta iandike papo hapo, ili dirisha la kunakili likiondoka, kweli kila kitu kiwe kimeingia, mchomoaji achomoe asife mtu. Niliona nimewakomesha. Orodha ya ukutani ikakoma kukua, nikajipongeza, nikasahau. Tangu siku hiyo kila flashi kwenye chumba kile ilikuwa inatambaa, na kila aliyekuja kulalamika nilimwambia flashi yake ni mbovu. Nilikuwa nimewaambia wangapi? Ishirini, thelathini? Wengine walikwenda kununua mpya.

Nikaweka kiganja changu kwenye skrini kuyafunika yale maelezo. Taratibu alikuwa ameshayasoma, najua, kwa sababu alipumua kwa pua mara moja.

"Mfumo umejibadilisha wenyewe," nikamwambia mdogo wangu. "Hizi kompyuta ndivyo zilivyo."

Mshipa wa aibu sikuwa nao siku ile. Nikaufuta mstari, nikahifadhi, nikaiamuru kompyuta isome kanuni upya. Nikachomeka tena ile flashi ya bluu. Nikahamisha folda nzima. Na safari hii, jamani, ilikimbia! Mia tano, elfu moja, elfu mbili, elfu mbili mia nne. Sekunde chache tu, dirisha likafunga. Honi ya gari ikalia nje. Saa ilisema saa nne kasoro dakika mbili.

"Enhe!" nikasema. "Karibu saa mbili za Taratibu, mimi sekunde kumi."

Nikaishika flashi.

"Mama Nyaya," Taratibu akasema, "taa."

"Taa gani?"

"Taa bado inapepesa."

"Mwanamke wewe na taa zako! Mgonjwa anakufa wewe unahesabu taa!"

Nikachomoa.

Nilikimbia na ile flashi kwenye korido nimeiinua juu, watu wakanipisha. Nikamkabidhi mdogo wangu mlangoni mwa gari, nikamwambia aiweke kifuani. Shemeji alikuwa amelazwa ndani, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, mguu mmoja hauna kiatu. Akanitazama akasema polepole, ulimi mzito, "Shemeji, gauni lako limebaki vifungo." Nikamwambia atulie na vifungo vyake. Mlango ukafungwa, gari likatoka. Nikarudi ndani kwa madaha. Mapokezi nilisimama kumweleza karani jinsi nilivyookoa maisha, na nikamrefushia, maana nilitaka ajue tofauti ya mtu na mtu.

Nilipoingia chumba cha picha, Taratibu alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mikono mapajani. Kwenye tundu la kompyuta ilikuwemo ile flashi nyeusi ya uzi mwekundu, na taa yake inapepesa.

"Unafanya nini tena?"

Alinyoosha kidole kwenye kona ya skrini. Kulikuwa na kijisanduku cha onyo, kile kile nilichowachapia wachomoaji wangu wote nikakibandika pembeni ya orodha wakione: kifaa kimeondolewa kabla data haijamaliza kuandikwa, baadhi ya mafaili yanaweza kuwa yamepotea.

"Nilikuita," akasema. "Ulikuwa umeshafika kwenye ngazi. Nikaona nianzishe nyingine."

Nilijua kilichotokea kabla sijakaa chini. Niliondoa kanuni ya kuandika papo hapo, kwa hiyo lile dirisha lilipofunga, picha za shemeji zilikuwa zimefika kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. Flashi ndiyo kwanza inaanza kupokea. Na mimi, niliyekaa miaka mitatu nikizoea kwamba dirisha likifunga kazi imekwisha, kanuni niliyoiwekea wajinga, nikachomoa kama mjinga wao wa kwanza. Hata huyo karani alikuwa akichomoa barua za likizo. Mimi nilichomoa kichwa cha mtu.

Nikapiga simu. Mdogo wangu akapokea mlio wa kwanza.

"Rudini," nikasema.

"Nini, Dada?"

"Picha hazimo. Rudini haraka."

"Umesema ziko humu. Umeniambia niiweke kifuani."

"Hazimo. Au ziko chache."

"Umejuaje sasa hivi, na flashi ninayo mimi?"

Ningeweza kumwambia mfumo. Ningeweza kumwambia semina. Ulimi wangu ulishaanza kutafuta. Taratibu alikuwa ananitazama, si kwa ubaya, ananitazama tu.

"Nimechomoa kabla haijamaliza," nikasema. "Taratibu alinikataza. Nimechomoa mimi."

Nikamsikia anamwambia dereva ageuze, na dereva akaporomosha kwa sauti kubwa matusi ambayo nilistahili. Nyuma yao sauti nzito ya shemeji ikauliza, "Tumesahau nini?"

Nikakata simu, nikasimama mbele ya ile flashi nyeusi. Taa inapepesa. Nikatia mikono makwapani nisiiguse. Sijawahi kuichukia taa kama nilivyoichukia ile, na sijawahi kuiomba kitu kama nilivyoiomba. Mtu niliyemcheka miaka kumi na tisa alikuwa barabarani anarudishwa nyuma kwa ajili ya papara yangu.

"Bado?" nikauliza.

"Bado."

"Sasa?"

"Mama Nyaya, kaa chini."

Nikakaa. Taa ikazima. Nikanyoosha mkono, Taratibu akanipiga kofi jepesi juu ya kiganja, kama unavyompiga mtoto anayedokoa, akaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Nilihesabu naye. Tulipofika kumi akaiamuru kompyuta iiachilie flashi, akasoma ujumbe kwamba sasa ni salama, ndipo akaitoa. Halafu akaichomeka tena.

"Nini tena?" nikalia.

"Tuangalie kama zimo."

Akafungua picha ya mwisho, ya elfu mbili mia nne. Haikuwa na kitu, juu ya utosi tu. Akafungua ya katikati. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona kile nilichokuwa nakirusharusha asubuhi nzima. Kichwa cha shemeji, kimekatwa katikati, kijivu, na upande mmoja chini ya fuvu damu imejipinda kama mwezi mchanga, na ubongo wote umesukumwa upande wa pili, umebanwa kama mtu aliyelala na mwenzake kwenye kitanda chembamba. Nilikuwa nimeshasema "picha" mara mia siku ile. Sikuwa nimetazama hata moja.

Gari liliporudi nilikuwa nimesimama getini. Niliwapa kwa mkono wa kulia na wa kushoto nikiushikilia chini yake. Mdogo wangu aliipokea bila kunitazama usoni. Dereva hakuzima hata injini. Saa nne na robo waliondoka.

Hesabu kichwani haikunitoka. Saa nne na robo, mwendo wa saa mbili, saa sita na robo. Daktari anaingia kwenye upasuaji saa sita. Na hesabu nyingine ilikuwa mbaya zaidi, nikaifanya kwa sababu siwezi kujizuia: faili kumi na nane kwa dakika, zilikuwa zimebaki mia tano. Kama ningebaki chini ya printa yangu masijala, Taratibu angemaliza saa nne kasorobo, akahesabu kumi, akaifunga uzi, akaipeleka kwenye gari kwa mwendo wake ule wa bata. Kila nilichofanya tangu nifike kilikuwa kazi ya kurekebisha nilichofanya.

Saa sita na dakika nane ujumbe uliingia. Dereva aliendesha kama mwendawazimu, Mungu ambariki na matusi yake. "Wamempokea." Basi, hakuna lingine. Mchana nilikwenda masijala nikaikuta printa imefunguliwa tumbo vilevile nilivyoiacha, nikashindwa kuifunga.

Mdogo wangu alipiga saa kumi.

"Ametoka," akasema. "Amefungua macho. Ameulizia mkasi wake."

Nikalia kwa sauti, mimi ninayewacheka wanaolia. Aliniacha nilie kidogo.

"Yule daktari tulimkuta koridoni, ameshavaa nguo za kijani," akaendelea. "Alizitazama picha kwenye laptopu amesimama, akasema leteni huyu kwanza. Angekuwa ameshapita mlango ule, Dada, hakuna ambaye angemtoa."

"Nisamehe."

"Njia nzima alikuwa amenishika mkono, ananiuliza tumesahau nini nyumbani. Kila baada ya dakika mbili anauliza. Sikumwambia." Akapumua. "Na sitamwambia. Lakini mimi na wewe tunajua."

Akakata.

Nilipofika chumba cha picha Taratibu alikuwa anafuta meza kabla ya kwenda nyumbani. Nikamwambia ametoka salama. Akaweka kitambaa chini, akafumba macho, akasema "Alhamdulillahi," akakichukua tena kitambaa. Mimi nikafungua lile faili la kanuni. Nikaandika kanuni mpya badala ya ile ya zamani, inayoiacha kompyuta itumie akili yake lakini ionyeshe kijisanduku kikubwa cha onyo mpaka taa izime. Kazi ya robo saa, ambayo ningeifanya miaka mitatu iliyopita kama ningekuwa nataka kuwasaidia watu na si kuwakomesha. Yale maelezo yangu nikayasoma tena, watu wa hapa hawana subira, nikayafuta herufi moja moja.

Nilipogeuka, Taratibu alikuwa amesimama chini ya orodha. Mkononi ana ile kalamu yangu nene nyekundu. Sijui aliitoa wapi, nilidhani niliipoteza.

Sikubishana. Nikaipokea, nikanyanyuka kwa vidole vya miguu, nikaandika chini ya karani: Fundi wa kompyuta, mara moja.

Nikafunga kalamu.

"Saa," Taratibu akasema.

"Saa ya nini?"

"Wenzio wote uliwaandikia saa."

Nikaifungua tena ile kalamu. Nikaandika: saa nne kasoro dakika mbili.